Ulimi wa Daktari Nao Upimwe

Ndugu Msomaji, hebu tuambizane ukweli. Mzee wako amelazwa, maradhi yamemshinda. Daktari anakwita pembeni, anakutupia maneno mawili matatu ya Kiingereza, anakwenda zake. Wewe unarudi kitandani na tabasamu la uongo: "Baba, daktari kasema utapona." Mwenye mwili wake ndiye pekee asiyejua.

Mtaani kwetu, Mji Mkongwe, mzee mmoja aliondoka namna hiyo. Alikuwa na amana za watu na madeni aliyoyajua yeye tu. Wiki tatu alilala hospitali, akili yake timamu, na hapana aliyemwambia kitu. Siku ya khitma wakaja wenye kudai. Watoto wakatazamana.

Je, hiyo ni huruma? Sura ya Al-Baqara, aya ya 180, yazungumza juu ya wasia mauti yanapomkabili mtu. Na Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba Muislamu mwenye cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umekwisha andikwa. Basi anayemficha mgonjwa hali yake amemnyima nafasi ya kuusia, kulipa na kutaka radhi.

Utasema: "Ajali aijua Mwenyezi Mungu." Kweli! Lakini daktari hakuombwa ataje siku. Ameombwa aseme anachokiona, kwa upole, kwa kadiri mgonjwa mwenyewe anavyotaka kujua.

Wengine husema upole ni tabia ya kuzaliwa nayo, haufundishwi. Si kweli. Mwaka 1975, huko Dundee, Skotlandi, Daktari Ronald Harden na wenzake walieleza mtihani ambao mwanafunzi hupita kituo baada ya kituo, akipimwa kwa vitendo. Leo katika nchi nyingi mtihani huo una kituo ambapo mtu hujifanya mgonjwa, na mwanafunzi humpa habari nzito huku msahihishaji akitia alama. Na jirani zetu wa Uganda, tangu Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa mwaka 1993, wamefunza wauguzi na madaktari kumtuliza mgonjwa kwa mofini ya kunywa na kwa mazungumzo pia.

Leo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kinasomesha madaktari hapa hapa Unguja. Basi kituo hicho kiwe cha Kiswahili, na anayekaa mahali pa mgonjwa awe bibi wa Makunduchi au mzee wa Malindi. Lakini asipewe alama mwanafunzi kwa kukariri "pole, bibi". Aulizwe yule bibi: "Umefahamu nini? Umepata nafasi ya kuuliza?" Kama hakufahamu, daktari ameanguka, hata akijua dawa zote za duniani.

Nasi majumbani tuna mtihani wetu. Tuache kumshika daktari mkono mlangoni tukimnong'oneza, "Usimwambie." Kesho mgonjwa huyo ni mimi, keshokutwa ni wewe. Utapenda kuondoka ukiwa umeaga, au ukiwa umedanganywa?

Mwenyezi Mungu atujaalie mwisho mwema. Amin.