Bodi haijafa, acha kuizika

Wacha niseme wazi. Bodi nyingi za Arduino Uno ninazoletewa zikiitwa maiti ni nzima kabisa. Hadithi ni ile ile kila mara: mtu amesikia sifa za Forth, amepakua FlashForth, amenakili amri mahali bila kuielewa, amebonyeza Enter, bodi ikanyamaza. Hukumu inatoka papo hapo: "Forth ni takataka ya kale, imeniulia bodi."

Ni ya kale kweli. Charles Moore aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa ikiendesha darubini ya redio kule Kitt Peak, Arizona. Lugha iliyoelekeza darubini itashindwaje kuwasha kitaa chako kimoja?

Kosa la kwanza: kutaka kupakia FlashForth kwa kebo ya USB peke yake, kama programu nyingine za Arduino. Haiwezekani, na sababu si siri. Ndani ya ATmega328P, amri ya kuandika kwenye fleshi, yaani SPM, hufanya kazi ikitekelezwa kutoka sehemu ya mwisho ya fleshi tu. Butiloda ya Arduino inakaa hapo. Forth nayo lazima iwe na kituo hapo, maana kila neno jipya unaloifundisha huliandika yenyewe kwenye fleshi. Fahali wawili hawakai zizi moja. Unahitaji programa ya ISP, na butiloda itafutika. Ukiitaka tena, programa hiyo hiyo itairudisha. Huna pesa ya programa? Azima Uno ya pili, ipakie ArduinoISP, tafuta nyaya sita na kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND ya Uno hiyo inayoandika. Basi.

Kosa la pili ndilo linaloniudhi zaidi, na jina lake ni -F. Sahihi ya ATmega328P ni 1E 95 0F. Avrdude ikisoma 00 00 00, kwanza kagua nyaya na umeme. Ikisoma 1E 95 14, hiyo ni ATmega328 isiyo na P. Yaani chombo kinakuambia kimeona nini! Lakini mtu anaongeza -F, maana yake "nyamaza, endelea", kisha anaandika fyuzi kwa upofu. Umemziba mdomo aliyekuwa akikuonya, halafu unalia ajali.

Na hata hapo chipu haijafa. Ukikosea fyuzi za saa, inaweza kuanza kungoja ishara ya saa kutoka nje, ishara ambayo kristali ya bodi haiwezi kuitoa. Inangoja tu. Ipe mawimbi ya mraba ya 1 MHz kwenye mguu wa XTAL1, Uno nyingine inaweza kuyatoa, punguza kasi ya programa, kisha andika fyuzi sahihi. Nani alijaribu hivyo kabla ya kuitupa?

Kosa la tatu: terminali inaonyesha herufi za ajabu, mtu anasema faimwea imeharibika. Piga hesabu, ndugu yangu. FlashForth kwenye AVR kwa kawaida huongea kwa kasi ya 38400. Ikiwa uliijenga kwa saa ya 16 MHz na chipu inakwenda kwa 8 MHz, kila kitu kinapungua nusu: jaribu 19200. Chipu mpya kutoka kiwandani inakwenda kwa 1 MHz, kwa hivyo jaribu 2400. Ukiona "ok" ikitokea kwa kasi hiyo, faimwea ni nzima. Fyuzi ndizo hazikubaliani na saa uliyoandika kwenye faili la mipangilio.

Najua mtanijibu: datashiti ni ndefu, tena ya Kiingereza kigumu. Ni kweli, ina mamia ya kurasa. Lakini sikuombi uimalize. Soma sura ya saa, sura ya fyuzi na ya butiloda. Jioni moja inatosha. Ukikataa jioni hiyo, utanunua bodi nyingine, na mwanafunzi anayekutazama atajifunza kutoka kwako kwamba vifaa hufa bila sababu na dawa ni kwenda dukani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko bei ya bodi. Tunajiita watengenezaji wa programu huku tukiogopa chipu yenye fleshi ya KB 32, pungufu ya picha moja ya simu.

Kwa hivyo ukitaka kuniambia bodi imekufa, njoo na vitu vitatu vimeandikwa: sahihi iliyosomwa bila -F, thamani za fyuzi tatu, na saa uliyojengea faimwea. Bila hivyo, usiniletee habari za msiba.