Kaboni ya bahari haianzii Banana

MULONGO, Haut-Lomami – Mvuvi wa Mulongo akiulizwa habari ya bahari, anacheka. Bahari iko mbali, upande mwingine wa nchi. Lakini maji ya Lualaba anayovulia yanaenda huko. Yanashuka Ankoro, Kabalo, Kongolo na Kindu, yanafika Kisangani na kuitwa mto Kongo, yanapita Mbandaka, Kinshasa na Matadi, kisha yanaingia bahari ya Atlantiki pale Banana. Njiani yanabeba udongo, majani na miti iliyooza. Ndani ya matope hayo kuna kaboni.

Kaboni si kitu cha ajabu. Ni ile iliyomo ndani ya kuni na makala. Mmea unaitoa hewani unapokua. Ukichomwa au ukioza juu ya ardhi, kaboni inarudi hewani kuwa gesi inayozidisha joto la dunia. Ikifunikwa na matope chini ya maji, inaweza kukaa miaka mingi sana. Bahari yenyewe inanyonya karibu robo ya gesi hiyo inayotoka kwa kazi za watu. Ndiyo maana leo serikali na wafanyabiashara wanaizungumzia kaboni ya bahari kama mali.

Mto huu ulionyesha nguvu yake wazi. Mwisho wa mwaka 2019 mto Kongo ulifurika kuliko miaka mingi iliyotangulia. Mwezi wa kwanza 2020, matope yaliyorundikana mdomoni mwa mto yaliporomoka katika bonde refu lililo chini ya bahari, yakaenda zaidi ya kilometa 1,100, na kukata nyaya za intaneti zilizolazwa huko. Wataalamu waliopima walikuta kwamba mto huu unapeleka kaboni nyingi ya nchi kavu hadi vilindi vya bahari. Si kila tope la Mulongo linafika huko. Mengi yanabaki njiani. Lakini bahari na mto ni jambo moja.

Sasa tazama namna wakubwa wanavyolipanga. Kongo ina pwani ya karibu kilometa 40 tu. Pale Moanda kuna hifadhi ya mikoko iliyoundwa mwaka 1992, na mikoko inashika kaboni nyingi katika matope yake. Kwa hiyo, inapotajwa kaboni ya bahari, kidole kinaonyesha Moanda na hesabu inafungwa. Hata pale Moanda msimamo haukukaa. Mwezi wa 11 mwaka 2021, huko Glasgow, Kongo iliahidiwa dola milioni 500 za kulinda misitu. Mwezi wa 7 mwaka 2022, serikali ileile ikatangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta, vitatu kati yake upande wa pwani. Mnada huo ulifutwa mwezi wa 10 mwaka 2024. Mkono mmoja ulipokea ahadi ya kulinda, mwingine ukauza. Wananchi hawakuulizwa mara ya kwanza, wala mara ya pili.

Wako watakaosema: Mulongo inataka barabara, dawa na usalama, kaboni ni maneno ya Wazungu. Hoja hiyo inaeleweka, lakini inadanganya. Mafunjo na mabwawa ya Upemba yanashika matope na kaboni kabla haijafika mtoni chini. Mali inayotafutwa iko hapa pia. Siku moja atafika mtu na ramani na mkataba, na mwenye shida nyingi ndiye anayeuziwa mali yake bila kujua.

Watu wa huku wanajua maana ya mstari kwenye ramani. Hifadhi ya Upemba iliwekwa mwaka 1939 na Wabelgiji, na hakuna babu aliyeombwa ruhusa. Leo hatari ni kubwa zaidi kwa familia zilizokimbia vita upande wa Mitwaba na Manono. Zimepewa kipande cha shamba kando ya maji kwa neno la mdomo, bila karatasi. Ikisemwa kwamba matete hayakatwi tena na bwawa halivuliwi tena, nani ataondolewa kwanza? Ni yule aliyekwisha kukimbia mara moja.

Njia nyingine ipo. Kule Gazi, pwani ya Kenya, wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko katika mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza kaboni tangu miaka ya 2013 na 2014. Fedha si nyingi, karibu dola 12,000 kwa mwaka hapo mwanzo. Lakini wanakijiji wenyewe wanakaa na kuamua, na zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2023 Kenya iliandika katika sheria kwamba miradi ya kaboni ya ardhini iwape wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato.

Mwanakijiji wa Gazi anaijua sehemu yake. Wa Mulongo hajui hata kama yumo katika hesabu. Basi wabunge wa Haut-Lomami walioko Kinshasa na Kamina waseme mambo matatu bila kuzunguka. Mpango wa kaboni ya bahari uanzie mtoni, usianzie Banana. Mkataba wowote usomwe kwanza mbele ya watu, kwa Kiluba na kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa peke yake. Na waliohamishwa na vita wakae katika kikao hicho pamoja na wenye nchi, sehemu yao ikiandikwa kwa asilimia inayojulikana.

Mvuvi ana haki ya kucheka akisikia habari ya bahari. Asije kulia siku bwawa lake litakapokuwa limekwisha kuuzwa.