Uovu Usio na Mwenyewe

Tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza twajua kwamba dhambi ina mtenda. Fundisho hilo ni la kweli. Lakini uovu wa siku zetu umejifunza kugawanya kazi, hata kila mshiriki akabaki na kipande kidogo kisichomnyima usingizi.

Tazameni mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyoitia nchi yetu aibu hasa tangu mwaka 2007 katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mwenye panga ni mtu wa mwisho katika mnyororo mrefu. Nyuma yake yupo aliyeonyesha nyumba, pengine jirani au jamaa, yupo dalali, yupo mganga aliyeagiza kiungo, na nyuma ya hao wote yupo mwenye fedha atafutaye dhahabu au kura, ambaye jina lake halitajwi. Waulizeni mmoja mmoja. Huyu alionyesha njia tu, yule alipokea simu tu, mwingine alitoa fedha wala hakuuliza zitafanya nini. Mitaani wenzetu hao wameitwa “dili”, nasi tumelisikia neno hilo tukanyamaza.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2009 ilisitisha leseni za waganga, na Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu. Mwaka 2015 marufuku ya waganga ikatolewa tena. Marufuku inayorudiwa yatuonyesha kwamba ile ya kwanza haikufika kwenye mzizi. Kamba humfikia mwenye panga, mnunuzi haimwoni. (Na juu ya kamba yenyewe, Katekisimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, yasema kwamba adhabu ya kifo haikubaliki.)

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Sollicitudo Rei Socialis wa mwaka 1987, alizungumzia miundo ya dhambi, akasisitiza kwamba mizizi yake imo katika dhambi za watu binafsi. Sehemu hii ya pili hatuipendi. Tukisikia “miundo”, mawazo yetu hukimbilia Dodoma.

Mwishoni mwa Mei 2024, wilayani Muleba, mtoto mwenye ualbino ambaye hajatimiza miaka mitatu aliporwa nyumbani kwao. Mwezi Juni mwili wake ukapatikana, viungo vimekatwa. Kati ya watu tisa walioshtakiwa walikuwamo baba yake mzazi na padri. Kupima hatia ni kazi ya mahakama, wala mimi siwahukumu. Lakini baada ya habari hiyo, nani kati yetu awezaye kusema kwamba jambo hili ni la wapagani wa mbali?

Mkristo apokeaye Ekaristi Jumapili, kisha Jumatatu akaenda kununua bahati ya duka lake, hajaua mtu. Hata hivyo ndiye mteja alishaye soko lile. Sina ugomvi na mzee achemshaye mizizi ya kutibu tumbo. Nasema juu ya muuza bahati.

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, je, mwazijua nyumba za eneo lenu zenye mtoto mwenye ualbino? Nani humsindikiza shuleni alfajiri, giza lingalipo? Nani hulala karibu nao majira ya uchaguzi? Kama majibu hayapo, kikao cha juma hili kianze na hilo, kabla ya michango ya kigango.