Nani Ashike Ufunguo wa Masjala ya Ukoo?

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Maskati, Dubai, London na Toronto, na nyinyi mliobaki Mombasa na Unguja,

Tangu tulipotangaza kwamba picha, barua na shajara ya ukoo vitahifadhiwa katika kompyuta yetu wenyewe, badala ya kuendelea kurushiana katika makundi ya simu, nimepokea maoni ya namna tatu. Wako wanaouliza kwa nini tusiviweke kwa mojawapo ya makampuni makubwa kisha tukagawa kiungo. Wako wanaotaka neno moja la siri litakalojulikana na wote. Na wako wanaotaka mlango uwe wazi kabisa, kwani, wasema, sisi ni watu wa damu moja. Siafikiani na hata kundi moja katika hayo, na leo nitaeleza sababu zangu. Kisha nitasema jambo ambalo najua halitawapendeza baadhi ya wanaume wenzangu.

Nimekuwa karani wa masjala kwa sehemu kubwa ya umri wangu. Katika masjala iliyopangwa vyema, mwenye shida haingii chumba cha majalada. Husimama dirishani, akataja jalada alitakalo, karani akatazama kitambulisho chake, akaandika daftarini, akaenda ndani na kulileta. Yule aliyeomba hajui jalada lilikuwa rafu ya ngapi, wala hana haja ya kujua. Basi kile mafundi wanachokiita rivasi proksi ndicho hicho: karani wa dirishani. Programu zote ziko nyuma yake, na ulimwengu wa nje hauoni ila yeye.

Katika masjala yetu, karani huyo ni programu iitwayo Caddy. Nyuma yake iko Immich kwa ajili ya picha, Paperless-ngx kwa barua na hati zilizopigwa skani, na webtrees kwa shajara. Kila moja inaishi katika kontena lake, yaani imefungwa pamoja na vyote inavyovihitaji na kutengwa na jirani zake, kwa mtindo ulioenezwa na Docker tangu mwaka 2013. Faida yake ni kwamba kontena likiharibika hulifuta na kuleta jingine kwa dakika chache. Ni kama meza ya karani: yaweza kubadilishwa leo hii. Majalada, ambayo huwekwa nje ya kontena, ndiyo yasiyo na badala. Mpangilio wote umeandikwa katika faili moja la maandishi ambalo hata mimi, kwa miwani yangu, nalisoma na kulielewa.

Caddy hujiombea chenyewe cheti cha usalama kutoka Let's Encrypt, bila malipo. Cheti hicho hudumu kwa muda mfupi na huhuishwa kabla hakijamalizika, pasipo mtu kukumbushwa. (Lakini tahadhari: kila cheti kinachotolewa huandikwa katika madaftari ya hadharani. Msiupe ukurasa wa ndani jina la marehemu fulani au la mgogoro fulani wa urithi mkidhani hakuna atakayeliona. Ombeni cheti kimoja cha jumla kwa anwani zote.)

Ama kitambulisho, hapo ndipo ilipo Authelia. Ombi linapofika dirishani, Caddy haliachii lipite; huiuliza Authelia kwanza: mtu huyu unamjua? Ikiwa haimjui, humpeleka katika ukurasa wa kuingilia, naye ataje jina, neno lake la siri, na tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30 katika simu yake. Akishathibitishwa mara moja, vyumba vyote vilivyo nyuma ya dirisha humtambua. Shangazi aliyezoea kuandika maneno matano ya siri katika kijitabu cha jikoni sasa anahitaji moja tu. Na mtu akitoka katika ukoo kwa talaka yenye ugomvi, au simu yake ikiibiwa, jina lake hufungwa mahali pamoja, ingawa programu nyingine huendelea kumkumbuka mpaka kikao chake kikatizwe nazo pia.

Nisikudanganyeni kwamba mambo ni laini kote. Programu ya Immich iliyo katika simu haijui la kufanya ikikutana na ukurasa wa kuingilia usio wake katikati ya njia; hiyo ni lazima izungumze na Authelia kwa lugha ya OpenID Connect, ambayo programu nyingi za sasa zinaifahamu. Webtrees ina daftari lake la watumiaji, kwa hiyo huko mtu hukaguliwa mara mbili, dirishani na chumbani. Wanaosema kuingia ni mara moja tu kwa kila kitu wanauza maneno.

Kuna mambo mawili ambayo wapenzi wa mitambo hii huyapita haraka, nami karani siwezi kuyapita. La kwanza ni mlango wa nyuma. Mtu akiweka dirisha zuri mbele, kisha akaiacha programu yenyewe na poti yake wazi, basi dirisha ni pambo tu. Docker ikiambiwa itangaze poti, hujiandikia kanuni zake katika mtandao wa mashine, na ule ukuta wa moto unaoitwa ufw, ambao wengi huutegemea, hurukwa. Dawa ni kutotangaza poti yoyote isipokuwa ya Caddy, na programu zizungumze nayo ndani kwa ndani. La pili ni cheti cha utambulisho kinachopitishwa. Paperless-ngx yaweza kuagizwa iamini jina lolote inalopelekewa na dirisha. Vema, lakini je, mtu wa nje akija na karatasi yake mwenyewe iliyoandikwa jina la mwenye mamlaka? Dirisha lazima limnyang'anye karatasi hiyo kabla halijaandika yake. Mmoja wa vijana wetu aliona kwamba huu ni wasiwasi wa wazee. Mimi nimeona barua za kughushi zenye mihuri mizuri kuliko ya kweli.

Sasa nirudi kwa wapinzani wangu. Kiungo kinachofunguliwa na yeyote aliye nacho hakina jina. Kikishatumwa kwa mtu mmoja, kimetumwa kwa marafiki wa marafiki zake. Neno la siri la pamoja nalo ni vivyo hivyo: watu arobaini wakilijua, hakuna anayewajibika, na ukitaka kumzuia mmoja ni lazima uwasumbue thelathini na tisa. Kuhusu makampuni makubwa, sina ugomvi na uhodari wao. Nina ugomvi na akaunti kuwa ya mtu mmoja. Jamaa zetu fulani walioko Uingereza walifiwa na aliyekuwa akitunza picha zao, na wakakuta akaunti ni yake peke yake, na kampuni ikawataka hati baada ya hati, mpaka wakachoka. Damu moja, haya. Lakini hata katika nyumba za mawe za pwani mgeni alikomea barazani, na ndugu nao walipiga hodi.

Yuko aliyependekeza VPN, na hoja yake ina uzito kuliko zote. Ni salama zaidi kwa watu wachache. Lakini sisi tumetawanyika, wazee wana simu za zamani, na katika baadhi ya nchi za Ghuba mambo ya VPN yana sheria zake ambazo sitaki bibi wa miaka sabini azifikirie kwa sababu ya picha ya harusi.

Na ni picha za harusi zinazonifikisha kwenye neno langu zito. Katika makasha ya akina mama zetu ziko picha za upande wa wanawake: singo, hina, ngoma za ndani, mabibi harusi wasio na mitandio. Akina shangazi wamesema waziwazi kwamba hawatazitoa mpaka wajue nani ataziona. Authelia inaruhusu makundi: kundi la ukoo wote, kundi la wazee, kundi la wanawake peke yao, na kila anwani ikawekewa sharti lake. Wanaume wengi wameona hilo linatosha. Halitoshi. Mwenye kuandika orodha ya makundi aweza kujiandika mwenyewe. Na mwenye mamlaka ya juu kabisa ya mashine huona kila faili iliyomo, bila kupita dirishani, wala hakuna kundi litakalomzuia.

Kwa hiyo swali si programu gani. Swali ni nani ashike ufunguo wa mashine. Jawabu langu ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye kwanza ndiye aliyeufunga mtambo huu na ndiye anayeufahamu. Mimi nibakie karani wa hati: nipange barua, nisome zile zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nizitie tarehe na majina. Nimeulizwa, tena kwa sauti ya kukereka, vipi mkubwa wa ukoo akabishe hodi kwa msichana. Nami nauliza, katika masjala ni mkurugenzi gani aliyeshika ufunguo wa chumba cha majalada? Alishika karani, mwenye cheo cha chini, na mkurugenzi akatia sahihi daftarini kama wengine. Akina shangazi wakisikia ufunguo uko kwa mwanamke, makasha yatafunguka. Wakisikia uko kwangu, watayafunga, nao watakuwa na haki.

Lakini dirisha lisitumiwe kuficha kila kinachotuudhi. Wamo miongoni mwenu walioniandikia faraghani kwamba zile karatasi zinazotaja watu waliokuwa watumwa katika nyumba za mababu zetu, kabla na baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hali ya utumwa kisheria Unguja, ziwekwe katika kundi la wazee peke yao, au zichomwe. Nakataa. Wajukuu wa watu hao ni wajukuu wetu pia. Wengine wanasoma ukurasa huu, na majina hayo katika karatasi zetu pengine ndiyo maandishi pekee waliyo nayo juu ya bibi zao. Stara ni haki ya walio hai juu ya nyuso zao. Aibu ya mababu haina kundi katika orodha, na nimemwomba mpwa wangu asilitengeneze. Karatasi hizo zitakuwa wazi kwa kila aliye na jina katika Authelia, na wazao wa watu hao wataandikwa majina kama sisi, bila kuulizwa kitambulisho cha ziada.

Limebaki la mauti. Mtambo huu una vitu vitatu ambavyo vikipotea umekufa: nakala rudufu za data, faili za mpangilio pamoja na siri zake, na jina la tovuti, ambalo lisipolipiwa huweza kuchukuliwa na yeyote. Napendekeza nakala zikae katika nchi mbili, zikiwa zimefungwa kwa usimbaji; jina la tovuti lilipiwe miaka kadhaa kwa pamoja kutoka mfuko wa ukoo; na bahasha yenye siri zote, iliyotiwa lakiri, iwe kwa mtu wa pili. Mara moja kwa mwaka mtu huyo aifungue, aujenge mtambo upya katika kompyuta nyingine kwa kutumia bahasha hiyo tu, aone kama picha zinaonekana, kisha bahasha ifungwe tena. Nakala isiyowahi kujaribiwa siihesabu kuwa nakala.

Mtu wa pili bado hajapatikana. Akina shangazi wanataka naye awe mwanamke, na awe nje ya Oman. Nawaunga mkono kwa yote mawili. Anayejitolea, au anayemjua binti wa ukoo aliye tayari kujifunza, ampelekee jina mpwa wangu, asinipelekee mimi. Mpango ni kumpata kabla ya Ramadhani, ili makasha ya harusi yaanze kupigwa skani baada ya Idi.