Plagi Iliyoganda: Nguvu Kwanza au Maarifa Kwanza?

Katika injini ya petroli ni vichache vitu vinavyofunguliwa na kufungwa mara nyingi kama plagi, na ni vichache vinavyodharauliwa kama hiyo. Umbo lake ni dogo, kazi yake ni kutoa cheche tu, na hata mwanagenzi wa wiki ya kwanza hukabidhiwa spana aifungue. Lakini siku plagi inapoganda katika gari la zamani, kitu hicho kidogo huweza kuharibu kichwa kizima cha silinda, ambacho spea yake ni adimu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini plagi huganda na namna ya kuitoa bila ya hasara. Aidha yanatoa hoja moja: kwamba hasara nyingi za aina hii hazitokani na uhaba wa zana, bali na ukuta uliojengeka baina ya gereji na darasa.

Mfano wa ukuta huo tunaupata Mwenge, katika Wilaya ya Kinondoni, jijini Dar es Salaam. Hapo ndipo Barabara ya Sam Nujoma inapokutana na barabara iendayo Bagamoyo. Ukiifuata ile ya kwanza hukawii kufika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza kufundisha uhandisi mwaka 1973. Ukielekea mjini kwa ile ya pili utapita Kijitonyama, kwenye kituo cha daladala kiitwacho Sayansi, lilipo jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 kuchukua nafasi ya Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi la mwaka 1968. Na hapo Mwenge penyewe wapo mafundi wa magari na wachonga vinyago, watu wa kazi za mikono. Ni mwendo mfupi kutoka kwa hawa hadi kwa wale. Lakini ni mara chache elimu ya upande mmoja hufika upande wa pili.

Magari tunayoyazungumzia ni yale yaliyoijenga historia ya barabara zetu: Land Rover zenye injini ya petroli ya lita 2.25, Volkswagen zenye injini nyuma, na Peugeot 404 na 504. Peugeot 404 ina heshima ya pekee nchini, kwani ndiyo waliyoiendesha Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell, waliposhinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena mwaka 1967. Gari kama hilo likiharibiwa kichwa cha silinda kwa pupa ya dakika mbili, mwenyewe hana duka la kukimbilia.

Sasa tutazame kwa nini plagi huganda. Mwili wa plagi ni wa chuma cha pua, nao umezungukwa na hesi, yaani ile mistari ya mzunguko inayoshika ndani ya tundu. Plagi ya kawaida ya magari hayo ina kipenyo cha milimita 14, na kila inapozungushwa mara moja husogea milimita 1.25. Hesi ni mlima uliozungushiwa mwili wa plagi: kwa kila mwendo wa milimita 44 wa kuzunguka, plagi hupanda milimita moja na robo tu. Ndiyo maana nguvu ndogo ya mkono hugeuka kuwa mkazo mkubwa sana ndani ya tundu. Plagi ya Volkswagen huingia kwa kiasi cha milimita 12.7, maana yake ni kwamba inashikwa na mizunguko kama 10 ya hesi, wala si zaidi.

Adui wa kwanza wa mizunguko hiyo ni masizi. Ncha ya plagi hukaa ndani ya moto, na masizi hujenga ukoko mgumu juu ya hesi zilizotokeza ndani ya chumba cha mwako. Adui wa pili ni unyevu wenye chumvi, na hapa sisi wa pwani tuna balaa zaidi ya wenzetu wa bara. Volkswagen na Peugeot hizo zina vichwa vya silinda vya alumini. Chuma na alumini vikigusana penye maji ya chumvi huwa kama betri ndogo: mkondo wa umeme hupita, na alumini huliwa polepole. Unga mweupe unaozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, hivyo hujishindilia katikati ya hesi na kubana. Katika Peugeot hizo plagi zimezama ndani ya visima virefu. Maji ya kuoshea injini yakituama humo, kazi hiyo huendelea usiku na mchana. Land Rover yenye kichwa cha chuma cha kusubu haina betri ya namna hiyo, lakini ina kutu. Adui wa tatu ni mkono wa binadamu, yaani aliyeifunga plagi mara ya mwisho kwa nguvu zake zote.

Watengenezaji huelekeza kwamba plagi ya milimita 14 katika alumini ikazwe kwa kiasi cha newtonimita 25 hadi 30. Mwanafunzi wa fizikia anajua maana yake: ukishika spana umbali wa sentimita 25 na kuvuta kwa nguvu ya newtoni 100, umekwisha kufikia newtonimita 25. Sasa tumfikirie kijana ambaye plagi imemgomea. Anachomeka kipande cha bomba kwenye spana, wenzo unakuwa wa sentimita 80, kisha anaegemea kwa nguvu ya newtoni 300. Hapo amezalisha newtonimita 240, karibu mara kumi ya kiasi kilichokusudiwa. Ama plagi itatoka na hesi za alumini zimeng'ang'ania juu yake, ama itakatika na kuacha kipande ndani. Wengine wanapoona pembe sita za plagi zimeviringika huchukua nyundo na tindo. Kauri huvunjika, na vipande vyake huanguka juu ya pistoni. Katika mambo yote hayo nguvu haikukosekana. Kilichokosekana ni kuuliza plagi imeshikwa na nini.

Njia iliyo bora huanza kwa usafi. Mchanga na uchafu upulizwe utoke kisimani kabla ya spana kuingia, macho yakiwa yamekingwa. Injini iachwe ipoe kabisa. Kisha mafuta mepesi ya kupenya yadondoshwe kuzunguka shina la plagi, na yaachwe usiku kucha. Mafuta hayo hupenya kwa kanuni ile ile inayopandisha mafuta ya taa katika utambi: kadiri nafasi inavyokuwa nyembamba, ndivyo umajimaji unavyovutwa ndani. Asubuhi itumike soketi ya pembe sita inayokaa barabara, kwani ya pembe kumi na mbili hushika kwenye ncha tu na kuziviringisha. Ikilegea kidogo, isifunguliwe moja kwa moja. Irudishwe robo mzunguko, iongezwe mafuta, isogezwe tena mbele, ili ukoko usagike na kutoka badala ya kukwaruza hesi. Ikilia kwa mlio wa ukavu, fundi asimame na kuongeza mafuta. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Ikiwa bado imegoma, joto laweza kusaidia, na hapa pana fundisho kubwa kwa wanafunzi. Alumini hutanuka kiasi cha mara mbili ya chuma cha pua. Tukipasha moto tundu na plagi kwa digrii 100 za Sentigredi, tundu la milimita 14 hutanuka kwa milimita 0.032, na plagi kwa milimita 0.017. Inapatikana nafasi ya milimita 0.015, ambayo ni nyembamba kuliko unywele, lakini inatosha mafuta kupita. Mwanafunzi hodari atauliza: kama ni hivyo, mbona watengenezaji wanakataza kufungua plagi za alumini injini ikiwa ya moto? Swali ni zuri, na jibu lake ni kwamba hesabu ya kutanuka si hesabu pekee iliyopo. Alumini ya moto hupungua uimara. Ikisuguliwa na chuma hunata na kuchanika. Kwa hiyo injini hupashwa hadi kuwa vuguvugu, kiasi ambacho mkono unaweza kuvumilia, ili mafuta yazame. Kisha huachwa ipoe, na ndipo spana irudi kazini. Ni mwiko kutumia moto wa wazi karibu na petroli. Na kwa Land Rover ya chuma cha kusubu, ambacho hutanuka karibu sawa na plagi yenyewe, faida ya joto ni ndogo. Huko tegemeo ni mafuta na muda.

Hata hesi zikiwa zimekwisha kuharibika, kichwa cha silinda hakijafa. Tundu laweza kupanuliwa, likakatwa hesi mpya kwa tepu, kisha likaingizwa koili ya chuma cha pua au bushi iliyokerezwa, yenye hesi ya milimita 14 kwa ndani. Iliyo salama ni kufungua kichwa na kukiweka mezani, ili chenga za alumini zisiingie katika silinda. Pasipowezekana, mifereji ya tepu ijazwe grisi izinase chenga, na tepu itolewe na kupanguswa mara kwa mara. Plagi mpya nayo ianze kuingizwa kwa vidole, au kwa kipande cha mpira wa petroli kilichovikwa kichwani mwake; ikienda upande, mpira utateleza kabla ya hesi kuumia. Ikishakaa, plagi yenye gasketi mpya huongezwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili tu.

Hayo yote, tangu mlima wa hesi mpaka betri ya chumvi, yamo katika masomo ya fizikia na kemia ya sekondari. Mwanafunzi hukokotoa kutanuka kwa fito za metali asizoziona, akafaulu mtihani, lakini akisimama mbele ya injini hatambui kwamba swali ni lile lile. Fundi naye anajua kwa mkono wake kwamba plagi huachwa ilale na mafuta, lakini hana maneno ya kumweleza mwanagenzi kwa nini. Na jambo lisiloelezwa sababu yake huachwa siku ya haraka. Jambo jingine linalowatenga ni lugha. Masomo ya sekondari yanafundishwa kwa Kiingereza, na gereji inasema Kiswahili. Kijana amejifunza kanuni ile kwa jina moja, na anakutana nayo kazini kwa jina jingine. Hivyo anadhani ni vitu viwili.

Andiko la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alilolitoa Mwalimu Nyerere, lilionya juu ya shule iliyojitenga na kazi na jamii inayoizunguka. Wengi tumelielewa onyo hilo kuwa ni jembe na shamba la shule. Kwa maoni yangu, kichwa cha silinda kilichokufa, kilichotolewa katika chuma chakavu, kina haki ya kuwa juu ya meza ya maabara sawasawa na mizani. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi kazi tatu: kupima hesi na kukokotoa mwinuko wake, kuloweka msumari na kipande cha alumini vilivyofungwa pamoja katika maji ya chumvi na kuvitazama kwa majuma machache, na kupima nguvu ya kufungua plagi iliyolowekwa mafuta na isiyolowekwa. Kisha amwalike fundi wa jirani aeleze afanyavyo, na wanafunzi waulize sababu kwa Kiswahili.

Wapo watakaosema kwamba magari ya zamani yanatoweka, na kwamba gari la umeme halina plagi. Hayo ni kweli. Lakini pikipiki na bajaji za petroli zinazobeba abiria mitaani leo zina vichwa vya alumini na plagi, na vijana wanaozitengeneza ni wa rika moja na wanafunzi wetu. Wengine watasema mteja hana subira ya kungoja usiku mmoja. Hapo ndipo maarifa yanapohitajika zaidi, kwani fundi anayeweza kumweleza mteja kwa nini gari lilale ndiye atakayepewa muda. Asiyeweza kueleza atalazimika kutumia bomba.

Wachonga vinyago wa pale pale Mwenge wanalijua jambo hili katika fani yao. Mpingo ni mti mgumu na mzito hata huzama majini, na mchongaji huutazama kwanza gogo lake, akajua nyuzi zake zimelala wapi na ufa uko upande gani, ndipo anyanyue tezo. Hakuna anayemwita mvivu kwa kutazama. Mwanagenzi wa gereji naye afundishwe hivyo, na mwanafunzi wa sekondari apewe nafasi ya kutazama pamoja naye. Walimu wa fizikia wanaoanza muhula wasingoje vifaa kutoka mbali: waulize katika gereji iliyo karibu na shule kama kipo kichwa cha silinda kilichotupwa, wakichukue, na plagi yake iliyoganda isifunguliwe mpaka darasa zima limekwisha kusema imeshikwa na nini.