Mpagazi Apandishwe Juu

Siku ya Mashujaa iliyopita, mtangazaji mmoja wa redio alitwambia kwamba Sanamu ya Askari pale mtaa wa Samora, Dar es Salaam, ni heshima kwa Waafrika waliokufa wakiitetea nchi yao. Wimbo huo tumeusikia miaka nenda rudi, nami umenichosha.

Nchi yao ipi? Vita vya 1914 hadi 1918 vilikuwa vya Mwingereza na Mjerumani, na Waafrika waliuawa pande zote mbili. Sanamu yenyewe ni kazi ya Mwingereza, James Alexander Stevenson, ikasimamishwa mwaka 1927 Tanganyika ikiwa mikononi mwa Uingereza.

Nendeni mkaitazame vizuri. Juu yupo askari wa shaba, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi je? Wako chini, ubavuni mwa nguzo, kwenye bamba ambalo anayewahi daladala halioni kabisa. Na hao ndio waliokufa zaidi ya 90,000 upande wa Uingereza peke yake, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Askari waliokufa hawafiki hata robo yao.

Eti nguzo haina nafasi ya wawili. Upuuzi mtupu! Stevenson huyohuyo aliwasimamisha watatu Nairobi, na mpagazi ni mmojawao.

Mjerumani naye alifanya hivyohivyo. Katika sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wake, aliyoisimamisha Dar mwaka 1909, askari Mwafrika alikuwa chini, akimtazama bwana wake juu. Mwingereza akamng'oa Wissmann, akampandisha askari, na pale chini akawekwa mpagazi. Mwenye bunduki hupanda. Aliyebeba unga na risasi habanduki chini. Zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru, bado tunaitazama ngazi hiyo kwa macho ya mkoloni na kuiita uzalendo.

Shuleni nako ni yaleyale. Mtoto anakaririshwa jina la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita hivyo, lakini haambiwi kwamba Kariakoo anakonunuliwa viatu palikuwa kambi ya wapagazi.

Jiji lisimamishe sanamu ya mpagazi hapo Kariakoo, mzigo kichwani, kimo kilekile cha askari wa Samora. Na ninyi wa redio, Siku ya Mashujaa ijayo, Julai 25, anzeni na wapagazi.