Jino la Paka Tusilolihofu

Sisi watu wa pwani mbwa twamwogopa na paka twampakata. Chuoni, tungali wadogo, mwalimu alitufunza kuwa chombo alichorambia mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa mchanga. Ama paka, yeye ni mwenzetu wa nyumbani, azungukaye miguuni mwetu, na maji aliyoyanywa yafaa kwa udhu. Mafunzo hayo nayashika hata leo. Lakini naona twayapeleka yasikotumwa.

Mwaka jana shangazi yangu, aliyeko Lamu, alikuwa akiamua ugomvi wa paka wake na paka wa jirani, akaumwa kwenye kiungo cha kidole. Damu ilikuwa matone mawili. Akapaka manjano, akaendelea kupara samaki. Usiku mkono ukafura hata kiwiko. Alipokwenda zahanati aliulizwa swali moja tu: "Ni mbwa?" Aliposema ni paka wake mwenyewe, akarudishwa na vidonge vya maumivu. Siku ya nne alipasuliwa kutolewa usaha, na kidole hicho hakikunjiki hadi sasa.

Swali lile lina asili yake. Tangu 2014 Kenya ina mpango wa kutokomeza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na ni jambo jema, kwani kichaa kikishaonyesha dalili ni mauti. Ila hata paka hupata kichaa, na tena chanjo yake haizuii bakteria. Vinywani mwa paka walio wengi mna bakteria aitwaye Pasteurella, kwa jina la Louis Pasteur, bingwa aliyemchunguza katika maradhi ya kuku karne ya 19. Jino la paka ni mfano wa sindano: hudunga ndani, ngozi ikajifunga juu, vijidudu vikabaki chini penye kano na viungo. Mbwa huchana, watu wakashtuka. Naye mbwa ana wake, Capnocytophaga, ambao kwa nadra humtia sumu ya damu mtu mwenye mwili dhaifu au aliyetolewa bandama, hata kwa kurambwa kidonda.

Tohara ni hukumu ya ibada. Haikuwa kamwe cheti cha daktari. Aliyeumwa na paka na aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, aende kwa daktari siku ile ile, aseme "paka" bila kuona haya, na aulizie dawa ya bakteria, pepopunda na kichaa.

Shangazi paka wake bado anaye. Mkeka aliokuwa akiusuka ndio uliosimama.